Kupanda Mlima kwa Baiskeli

Wengi wetu tujao shuleni kwa baiskeli hudhani kwamba kupanda mlima ni kazi ya miguu tu. Mimi nasema sivyo.

Katika milima ya Alps, nchini Italia, iko njia iitwayo Colle delle Finestre. Hufika kimo cha meta 2,178, na kilometa 8 hivi za mwisho ni changarawe tupu. Huko juu hewa ni nyepesi. Oksijeni katika kila pumzi hupungua kwa karibu robo. Tena, mpandaji akisimama juu ya pedali, uzito huhamia mbele na gurudumu la nyuma huteleza. Kwa hiyo hukaa kitini, hutumia gia nyepesi, wala hajazi tairi upepo mwingi, ili zishike njia.

Mwaka 2018, katika mashindano ya Giro d'Italia, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliwaacha wenzake hapo, zikiwa zimebaki kilometa 80, akafika wa kwanza.

Basi, ndugu zangu, asiye na miguu yenye nguvu asikate tamaa. Aanze polepole, atunze pumzi, atafika.