Nyanya zikishuka bei, anza na chupa

Nyanya za Ilula, mkoani Iringa, zikifurika sokoni bei ya tenga huporomoka, na zinazobaki huoza. Mwenye chupa za kioo, vifuniko vipya na jiko anaweza kuokoa sehemu ya mtaji wake. Nyanya zilizopondwa, zikiongezwa vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau ya dukani kwa kila lita, zina uchachu wa kutosha kusindikwa katika maji yanayochemka.

Tatizo huanza pale anapotamani faida kubwa zaidi ya maharage au nyama ya chupa. Vyakula hivyo havina uchachu. Vijidudu vya botulinamu hustahimili maji ya moto, kisha huzaliana ndani ya chupa isiyo na hewa na kutoa sumu inayoweza kuua, pengine bila harufu yoyote. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi; zinazotakiwa ni 116. Hizo hupatikana kwa presha tu.

Kwa mwinuko huo geji isome paundi 13, dakika 75 kwa chupa ya nusu lita na 90 kwa ya lita, baada ya kutoa mvuke dakika 10. Mkaa huo wote uingie kwenye bei. Sufuria ndogo ya presha isiyo na geji ni ya kupikia chakula cha jioni. Kwa biashara hii usiinunue, hata ukipunguziwa.