Dawa za Fangasi na Dawa za Presha: Sema Kabla ya Kumeza

Mkazi anayetumia dawa za shinikizo la juu la damu anapopatwa na fangasi za miguuni, za mdomoni au za sehemu za siri, mara nyingi huingia duka la dawa, hueleza muwasho wake na kuondoka na vidonge vichache. Presha haitajwi, kwa kuwa haionekani kuhusiana na muwasho. Hata hivyo, dawa hizo mbili hukutana ndani ya mwili, na kukutana kwake kunaweza kumwangusha mtu.

Zinakutana wapi?

Dawa nyingi zinazomezwa huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini kabla ya kutolewa mwilini. Dozi ya dawa za presha kama amlodipini na nifedipini hupangwa kwa kuzingatia kazi hiyo ya ini. Dawa za fangasi za kumeza, hasa itrakonazoli na ketokonazoli, na kwa kiasi kidogo flukonazoli, huvizuia vimeng'enya hivyo. Amlodipini inayomezwa leo huikuta ya jana haijapungua inavyotakiwa. Mgonjwa anameza kidonge kimoja kama kawaida, lakini kiwango cha dawa katika damu kinapanda na presha inaweza kushuka kupita kiasi.

Kwa losatani, hali huwa kinyume. Dawa hiyo huhitaji ini liibadilishe ndipo ifanye kazi yake kikamilifu. Flukonazoli hupunguza mabadiliko hayo, hivyo presha inaweza kupanda ingawa mgonjwa hajaruka dozi hata moja.

Itrakonazoli ina hatari nyingine: inaweza kupunguza nguvu ya moyo kusukuma damu. Kwa sababu hiyo, mwenye tatizo la moyo hapaswi kuianza bila daktari kujua. Vidonge vya ketokonazoli navyo vina historia ya kudhuru ini. Mwaka 2013, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visitumike tena kutibu fangasi.

Kwa nini jambo hili linaihusu Tunduma?

Tunduma ni mji wa mpakani na wa barabara kuu. Chukulia dereva wa lori anayekaa siku kadhaa na viatu vya kufunika akisubiri kuvuka kwenda Zambia. Akinunua vidonge vya fangasi huku akitumia amlodipini, kizunguzungu kinaweza kumkuta akiwa kwenye usukani. Vilevile, dawa moja inaweza kuuzwa kwa jina moja upande huu na kwa jina jingine ng'ambo ya mpaka. Jina kubwa la kibiashara lisimtoshe mnunuzi. Asome pia jina la dawa yenyewe, ambalo kwa kawaida huandikwa chini yake. Likiishia na "conazole", hiyo ni dawa ya fangasi. Dawa za presha za kundi la amlodipini huishia na "dipine".

Dalili za kuangaliwa

Dalili hizo ni kizunguzungu hasa wakati wa kuinuka, kuzimia, uchovu usio wa kawaida, miguu kuvimba, moyo kwenda mbio na kukosa pumzi. Anayezimia au kukosa pumzi apelekwe kituo cha afya au hospitali mara moja. Flukonazoli hubaki mwilini kwa siku kadhaa, hivyo dalili zinaweza kuonekana hata baada ya kidonge cha mwisho.

Wakazi wanashauriwa:

- Kumweleza mtoa dawa kuhusu dawa zote wanazotumia, au kwenda na vifungashio vyake.
- Kuuliza kama dawa ya kupaka inatosha. Dawa za kupaka kwenye ngozi huingia kidogo sana katika damu. Jeli ya mdomoni ya mikonazoli ni tofauti, kwa kuwa sehemu yake humezwa.
- Kupima presha mara kwa mara katika siku za kutumia dawa ya fangasi ya kumeza, na baada ya kuimaliza.
- Kutoacha dawa ya presha wala kupunguza dozi bila ushauri. Presha isiyodhibitiwa huleta kiharusi.

Onyo hili lisimtie hofu mgonjwa aliyepewa flukonazoli hospitalini. Wapo wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao huitumia kwa miezi mingi kutibu homa ya uti wa mgongo inayotokana na fangasi, na kuiacha kunaweza kugharimu maisha yao. Wajibu wao ni kuhakikisha daktari anajua kuwa wanatumia pia dawa za presha, ili apange dozi au abadilishe mojawapo.

Mtoa dawa hawezi kuona kidonge kilichobaki nyumbani. Sentensi moja dukani, "Mimi natumia dawa za presha," humwezesha kuzuia madhara kabla hayajatokea.