Feza ya shimo, mega za mwanafunzi

Hapa Majengo kuna familia zinazolipa minervale kwa feza ya shimo. Baba ao kaka iko Rubaya, Walikale ao Numbi, anachimba koltan ao kassiterite, anatuma kidogo kwa M-Pesa ao Airtel Money, na mtoto anasoma UNIGOM, ULPGL ao ISC. Siku hizi mtoto anaomba kitu kingine juu ya minervale: mega. Anasema anafuata masomo kwa Coursera. Baba kule mlimani anajiuliza kama ni masomo kweli ao ni filme. Ni haki yake kuuliza.

Masomo ni ya kweli. Coursera ilianzishwa mwaka 2012 na walimu wawili wa iniversite ya Stanford, Marekani: Andrew Ng na Daphne Koller. Ufaransa nayo iko na FUN, iliyoanza 2013, pamoja na OpenClassrooms. Hizi mbili zinafaa zaidi kwa wanafunzi wetu juu zinafundisha kwa Kifaransa, lugha ileile wanayosomea. Mwanafunzi anaangalia video, anasoma, anafanya mazoezi, kisha mtihani. Mara nyingi kusoma ni bure. Cheti njo kinalipwa, na wanataka karte ya Visa ao Mastercard. Tangu banki za Goma zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, hiyo njia imekuwa nzito. Lakini Coursera inapokea maombi ya msaada kwa asiye na uwezo: unaandika barua ya kueleza hali yako, unangoja karibu wiki mbili. Inafaa kuandika.

Shida kubwa si cheti. Shida ni kumaliza. Watafiti wa MIT waliandika katika gazeti la Science, mwaka 2019, kwamba kati ya watu 100 waliojiandikisha kwa masomo ya intaneti ya Harvard na MIT mwaka wa 2017-2018, karibu 3 tu walimaliza. Na wengi wao hawakosi umeme! Mwanafunzi wa Majengo anayefuata video usiku, peke yake, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na saa moja ya video inaweza kula mega mia tano, asichekwe akiacha njiani.

Wakongomani wenzetu walioko kambi ya Dzaleka, Malawi, walipitia njia nyingine. Tangu 2010, Wajezuiti walifungua masomo ya mbali pale na kambini Kakuma, Kenya. Walimu walikuwa mbali, ng'ambo, lakini wanafunzi walikuwa na chumba kimoja, ordinateri, na mtu wa kuwasaidia. Waliomaliza walipata diploma ya Regis University ya Denver. Kwa maoni yangu ile chumba njo ilikuwa na nguvu kuliko intaneti. Hapa kwetu wanafunzi watano wa promosho moja wanaweza kuchanga mega, kushusha video ndani ya simu moja wakati mtandao iko sawa, kisha kuangalia pamoja. Anayelala, wenzake wanamwamsha.

Sasa, kujifunza nini? Hapa wazazi wachimbaji wako na neno la kusema, kuliko wanavyofikiri. Kule Bisie, Alphamin inachimba kassiterite kwa mashini chini ya ardhi. Mahali kama pale wanatafuta mtu anayejua ramani, hesabu na usalama wa kazi. QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure. Excel nayo, watu wanaidharau. Lakini fikiri hesabu ya shimo lenyewe: kreseri anafikisha kilo zake, anaambiwa teneur ni hii, bei ni hii, kisha wanatoa chakula, wanatoa pompe, wanatoa fungu la PDG, na anabaki na kile anachopewa. Ni wangapi wanaandika? Mwanafunzi aliyejifunza kupanga tableau anaweza kuingiza kila loti: tarehe, kilo, teneur, bei, vilivyokatwa. Baada ya miezi mitatu baba ataona kama teneur inashuka kila mara kwa negosian mmoja na kupanda kwa mwingine. Hiyo tableau, hata koperative itaitaka. Na siku ya kutafuta staji, mtoto atakuwa na kazi ya kuonyesha mezani, si cheti tu.

Juu cheti hakiwi diploma. Katika mfumo wa LMD, krediti 60 za mwaka zinatolewa na fakilte, hazitolewi na Coursera. Yule anayetoroka TP ili afuate intaneti atarudia mwaka, na feza ya shimo italipa mara mbili. Afazali aende kwa asistan mbele ya kuanza, aulize kama hilo somo linaweza kuingia katika kazi yake ya mwisho wa masomo. Akikataliwa, basi alifuate wakati wa vakansi.

Na baba, siku akipata rezo kule juu, asiulize tu "mega zimeisha?" Aombe atumiwe picha ya ile tableau kwa WhatsApp, aisome pamoja na wenzake wa shimo. Wao njo wanajua kama kilo zilizoandikwa ni za kweli.