Gita Linapovimba: Hewa ya Durban na Ubao Mwembamba

Ndani ya gita aina ya Gallotone Champion, ukichungulia kwenye tundu la sauti, kulikuwa na lebo iliyomhakikishia mnunuzi kwamba chombo hicho hakitapasuka. Magita hayo yalitengenezwa Durban na kampuni ya Gallo. Moja lilifika Liverpool mikononi mwa kijana John Lennon, na ndilo alilopiga tarehe 6 Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney kwa mara ya kwanza. Mwaka 1999 liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa zaidi ya pauni 140,000.

Lebo ile inachekesha kidogo, kwa sababu Durban kwenyewe kupasuka si tatizo la kwanza la gita. Tatizo la kwanza ni kuvimba.

Mji huo umekaa kando ya Bahari ya Hindi, na maji ya vuguvugu ya mkondo wa Agulhas yanapita karibu na pwani yake. Kati ya Desemba na Machi unyevu wa hewa mara nyingi huzidi asilimia 75. Viwanda vikubwa vya magita, kwa mfano Martin na Taylor vya Marekani, huunda magita yao katika vyumba vyenye unyevu wa karibu asilimia 45 hadi 50. Gita likitoka huko likaja kuning'inizwa ukutani sebuleni Durban, linaanza kunywa maji ya hewani kimyakimya.

Ubao unaonyonya unyevu hupanuka kwa upana, kukingamana na nyuzinyuzi zake, lakini kwa urefu haubadiliki sana. Uso wa gita una unene wa milimita 2.5 hadi 3 tu, tena umegundishwa pande zote. Ukikosa pa kupanukia, unatuna kwenda juu, hasa nyuma ya daraja linaloshika nyuzi. Nyuzi nazo zinapanda, vidole vinaumia kuzikandamiza, na sauti inakuwa nzito isiyo na mwangwi. Baadaye kutu inaingia kwenye nyuzi, ukungu unaota ndani ya begi, na gundi ya daraja inaanza kuachia. Gita la plaiwudi huvumilia zaidi kuliko la ubao mzima, ndiyo maana la bei nafuu wakati mwingine hulishinda la ghali kwa maisha marefu ya pwani.

Hapo ndipo ushauri wa vitabuni unapowapoteza watu. Mwingi umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako majira ya baridi mashine za kupasha joto hukausha hewa ya nyumba mpaka mbao zinapasuka. Mwenye gita huko huambiwa atie sponji yenye maji ndani ya tundu la sauti. Anayefanya hivyo Durban mwezi Januari, au Mombasa na Zanzibar wakati wa masika, anamwagia maji chombo kilichokwisha kulowa.

Lakini Durban ina jambo jingine. Johannesburg iko umbali wa saa sita hivi kwa gari, mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti hewa yake ni kavu kabisa. Wapigaji wa maskandi, muziki wa gita wa Wazulu uliokua pamoja na vibarua wahamiaji, wamekuwa wakipanda na kushuka njia hiyo kwa miongo mingi. Gita lililovimba pwani likikaushwa ghafla kule juu, ndipo linapopasuka. Msafiri alifunge ndani ya sanduku gumu, na akifika aliache humo saa kadhaa kabla ya kulifungua. Buti la gari lililoanikwa juani si mahali pake: joto hulainisha gundi.

Nyumbani, kifaa cha kwanza ni kipima unyevu, ambacho hakina gharama kubwa. Vingi hudanganya kidogo, lakini chumvi ya jikoni inavisahihisha. Weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa, tia matone ya maji iwe kama uji mzito, kisha funga pamoja na kipima ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa saa 12. Kipimo sahihi kitasoma asilimia 75 hivi.

Gita likae ndani ya sanduku lililofungwa, mbali na ukuta wa nje na dirisha linalotazama bahari. Vifuko vya silika husaidia, ila vile vidogo vya kwenye maboksi ya viatu hushiba haraka; afadhali vikubwa vinavyobadilika rangi na kukaushwa upya. Kiyoyozi nacho hupunguza maji hewani, mradi upepo wake usilipulize gita moja kwa moja. Baada ya kupiga, nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa jasho na chumvi ya bahari huzila upesi.

Na fundi asiruhusiwe kupunguza kimo cha daraja wakati gita limevimba. Likikauka Julai, nyuzi zitashuka na kugusa vyuma vya shingoni, na kipande kilichosagwa hakirudi. Likaushwe polepole kwanza, wiki kadhaa ikibidi, ndipo lipelekwe kwa fundi.