Je, Wajua? Mzee wa Ndevu Anayepima Mafuriko ya Prague

Je, wajua kwamba huko Prague, mji mkuu wa Ucheki, kuna kichwa cha jiwe kilichowahi kuwaonya watu juu ya mafuriko? Ukitembea kwa miguu kando ya mto Vltava upande wa Mji Mkongwe, simama karibu na Daraja la Karel uchungulie ukuta wa gati. Utamwona mzee mwenye ndevu, Bradáč kama Wacheki wanavyomwita. Maji yakimfika ndevuni, watu walijua mto unaanza kumwagika. Yakizidi kupanda usoni, walijua hatari imeongezeka. Agosti 2002 yalimfunika kabisa.

Kichwa hicho ni cha zamani kuliko daraja lenyewe. Kilitoka kwenye daraja la Judith, lililobomolewa na mafuriko mwaka 1342. Mfalme Karel IV aliweka jiwe la msingi la daraja jipya, ndilo Daraja la Karel, mwaka 1357, na hadi 1841 hapakuwa na daraja jingine la kuvuka Vltava mjini humo.

Leo magari hayapiti kwenye Daraja la Karel, na ni vyema, maana sanamu zake 30 zinataka mtu asiye na haraka. Ile ya Mtakatifu Yohane wa Nepomuk, padri aliyetoswa mtoni mwaka 1393 wakati wa Mfalme Václav IV, ndiyo ya kutazama kwa karibu: shaba iliyo chini ya miguu yake inang'aa kama dhahabu kwa kushikwa na wapita njia.