Bango la Shamba Lako Litavuka Msimu?

Leo sizungumzii mbegu wala viuatilifu. Nazungumzia bango, kwa sababu mwezi huu nimepita barabarani nikahesabu mabango ya mafuta ya alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji, na karibu nusu yamechanika au yanaangalia chini kama yamefiwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kuna kikundi cha vijana wa vitunguu nilichokuwa nakisimamia. Walichapisha bango zuri la turubai, mita 2 kwa 1, nami nikawasaidia kulifunga kando ya barabara kwa kamba za manila kwenye miti miwili. Ilikuwa Agosti, vitunguu vimeshaiva. Usiku upepo ukachana pembe tatu. Asubuhi turubai likiwa limebaki kwenye pembe moja lilipeperuka likamfunika dereva wa bodaboda, akaingia mtaroni na pikipiki yake. Alitoka na michubuko tu, tukamshukuru Mungu. Halafu tajiri wa vitunguu tuliyemwelekeza kwa simu "utaona bango" akapita hadi kijiji cha mbele, akapakia huko. Fundi wa bango lile nilikuwa mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Ujue upepo wako

Singida imetajwa kwa miaka kuwa mahali pa kujenga mitambo ya umeme wa upepo, kwa hiyo tusishangae mabango kuruka. Tuna upepo wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kiangazi, kuanzia Mei hivi mpaka Oktoba. Huu hutoka mashariki na kusini mashariki, unavuma siku nyingi mfululizo. Wa pili ni wa mawingu ya mvua, hasa Novemba na Desemba mvua zinapoanza. Huu hauna upande maalumu: unakuja ghafla na vumbi, dakika chache kabla ya mvua kubwa.

Upepo wa kasi ya kilomita 54 kwa saa ukilipiga bango la mita 2 kwa 1 usoni, unalisukuma kwa nguvu ya kama kilo 30. Kasi ikiwa mara mbili, nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne: kilo 120, zaidi ya mifuko miwili ya simenti. Ndiyo maana bango linalokaa vizuri miezi mitatu linaondoka kwa dakika tano.

Kabla ya kuchimba shimo, tazama miti ya hapo imeinamia wapi. Kama una nafasi ya kuchagua, usiliweke bango likatazamana uso kwa uso na upepo wa kiangazi. Kugeuka kidogo tu hakutoshi; linapata nafuu likiwa limeelekeza ubavu kwenye upepo.

Kinachochana turubai ni kupiga-piga

Wengi wanadhani bango linachanika kwa kusukumwa. Hapana. Linachanika kwa kupiga-piga. Kila likijikunja na kunyooka, zile pete za chuma za pembeni zinavuta palepale, mpaka tundu linapanuka na kukatika. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Mwambie mchapaji akunje pindo pande zote nne na aweke pete kila baada ya nusu mita au pungufu. Pete nne za pembeni hazitoshi.
2. Lifunge kwenye fremu ya chuma au mbao, likazwe pande zote kama ngozi ya ngoma. Usilining'inize kati ya miti miwili.
3. Kwenye pembe tumia vipande vya tyubu ya baiskeli badala ya waya. Upepo ukivuta, tyubu inavutika kidogo na kurudi. Jua linaiua, hivyo badilisha kila msimu.
4. Usikate vile vitundu vya nusu mwezi katikati ya bango "ili upepo upite". Upepo unaopita hapo ni kidogo sana, na kila tundu ni mahali pa kuanzia kuchanika. Ukitaka upepo upite, agiza turubai la vitundu vidogo kama chandarua.

Nguzo na shimo

Mrunda unaochimbiwa futi moja ni kazi bure. Theluthi ya nguzo iwe ardhini: nguzo ya futi 12, futi 4 ziende chini. Kwenye udongo wa kichanga weka zege, maana mchanga haushiki. Kwenye mbuga, udongo unavimba masika na kupasuka kiangazi, nguzo inaanza kuinama. Huko chimba zaidi na uweke miti ya kuegemeza kwa nyuma. Mrunda upake oili chafu sehemu ya chini kwa ajili ya mchwa.

Mvua na jua

Mvua inaharibu taratibu. Maji yakituama kwenye pindo la chini yanaozesha mbao na kutia kutu chuma, basi acha nafasi ya maji kudondoka. Inua bango angalau mita moja na nusu kutoka chini ili tope lisirukie namba ya simu. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya kawaida, hasa kwenye maungio aliyochomelea fundi.

Kama biashara yako ni ya kudumu, ushauri wangu ni bati lililoandikwa na mchoraji kwa rangi ya mafuta. Turubai libaki la msimu: likunje kwa kuviringisha, si kwa kukunja kama shuka, na ulihifadhi likiwa kavu.

Sheria

Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndani ya hapo huchimbi bila kibali. Pita ofisi ya TANROADS, au TARURA kama ni barabara ya kijijini, na uulize halmashauri kuhusu ada. Bango likimwangukia mtu, swali la kwanza litakuwa: nani alikuruhusu?

Kabla ya Novemba

TMA ikishatoa utabiri wa Msimu, nenda kwenye bango lako na mwenzio. Lisukume kwa mikono miwili. Nguzo ikicheza, chimba upya. Pete ikiwa imepanuka, shona. Na ukiona wingu jeusi na vumbi linakuja, turubai lishushwe. Kulifunga tena ni robo saa.

Wale vijana wa vitunguu sasa wana bati na nguzo mbili za chuma kwenye zege. Nilienda kulisukuma wiki iliyopita. Halikutikisika.

Kazi njema.