Kipepeo Asiyepepea: Coeliades forestan na Suala la Uundaji wa Jina

Jina kipepeo huhusishwa na kitenzi pepea, na kwa vipepeo wengi uhusiano huo ni bayana: hupeperuka polepole juu ya maua kana kwamba wamebebwa na upepo. Hata hivyo, wapo wanaokiuka maana hiyo. Mmojawapo ni Coeliades forestan, anayepatikana katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo. Huyu hapepei, huchomoka kama mshale, akatoweka kabla ya jicho kumtambua.

Kimaumbile, mwili wake ni mnene, kichwa ni kipana, na mabawa, yenye upana wa takriban sentimita 5 yakikunjuliwa, ni ya kahawia iliyofifia. Ndiposa wengi humdhania kuwa nondo. Akiyafumba, utepe mpana mweupe hujitokeza upande wa chini wa bawa la nyuma. Aidha, ncha za vipapasio vyake zimepinda kama ndoana, ilhali za vipepeo wengine hufanana na rungu. Sifa hiyo huitambulisha familia yake, Hesperiidae, yenye spishi zaidi ya 3,500.

Makazi yake ni savana, kingo za misitu na hata bustani. Jike hutaga mayai kwenye mimea kama vile mlama, ambayo majani yake ndiyo chakula cha viwavi. Kiwavi ana mistari myeusi na ya manjano. Hulikunja jani na kulishona kwa nyuzi za hariri anazozitoa mwenyewe, likawa nyumba ya kumsitiri dhidi ya ndege. Akishakomaa na kuota mabawa, hufyonza mbochi kwa mrija mrefu, na apumzikapo hujibanza chini ya jani.

Kwa Kiingereza mdudu huyu huitwa polisi mwenye mistari. Kulitafsiri jina hilo sisisi ni kuazima taswira isiyotokana na mazingira yetu. Kipepeo-mshale lingefaa zaidi, kwa kuwa linabeba tabia ambayo mtazamaji yeyote anaweza kuithibitisha. Suala hili si la msamiati pekee. Milama inapofyekwa, viwavi hukosa chakula, na ni vigumu kumtetea kwa Kiswahili kiumbe ambaye Kiswahili hakijampa jina. Hivyo basi, anayeunda istilahi hana budi kuanza kwa kukitazama kiumbe chenyewe, kisha ndipo afungue kamusi.